Mlima Uliokataa Kushuka

Kama si mdomo wake, Mama Rudia asingeishika ile mashine maisha yake yote. Ilikuwa imelala kabatini ndani ya begi lake la kijivu tangu siku ilipokabidhiwa kwa hospitali, kwa hotuba na picha za kupeana mikono. Baada ya picha, kila mtu alirudi kwenye shughuli zake na kabati likafungwa.

Yeye kazi yake haikuwa mashine. Kazi yake ilikuwa kuongea. Alikaa katika chumba cha mawasiliano, kipaza sauti mbele yake, akiongea na madereva wa magari ya wagonjwa kwa redio ya upepo: nenda pale, mchukue huyu, geuza, subiri mlangoni. Sauti yake ilijulikana kuliko sura yake. Madereva wapya walimtafuta siku ya mshahara ili wamwone tu, na wengi walikiri kwamba walitarajia kumwona mtu mwembamba.

Kisha kelele zikaingia kwenye redio. Zilianza baada ya chakula cha mchana, mvumo mzito kama wa mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili, zikaendelea mpaka jua linapoelekea kushuka, halafu zikakatika zenyewe. Jumapili kulikuwa na nafuu. Siku nyingine zote mchana ulikuwa ni kupigana na upepo. "Rudia," alikuwa akisema. "Sijakupata, rudia. Rudia tena." Ndipo madereva, watu wasio na dogo, wakambandika hilo jina, na likashika kuliko alilopewa na wazazi wake.

Alilichekea hilo jina mpaka siku ile mzee mmoja, mtu wa nyuma ya kilima, alipoletwa hospitali amelazwa juu ya mlango uliong'olewa bawabani, umebebwa na majirani wanne. Gari lilikuwa limepita karibu kabisa na kwake. Dereva alikuwa ameita na kuita, kuuliza njia, na chumbani hakuna aliyesikia ila mvumo. Mzee alipona, tena alitoka akitembea mwenyewe. Lakini Mama Rudia aliuona ule mlango umeegemezwa ukutani nje ya mapokezi, kitasa chake bado kinang'aa, na tangu hapo hakulicheka tena jina lake.

Basi meneja alipoitisha kikao na kutangaza kwamba mwisho wa mwezi masafa yale ya redio yatafungwa na madereva watumie simu zao, yeye akasimama.

"Simu nyuma ya kilima hazishiki," alisema. "Na wewe unajua."

"Tutafanyaje, dada? Tumeshahangaika vya kutosha."

"Nani amehangaika? Mtambo wa kutafutia hizo kelele uko kabatini, haujawahi hata kufutwa vumbi! Kama hakuna anayeutaka, nipeni mimi!"

Ukumbi wote ukaangua kicheko. Meneja peke yake hakucheka. Alifungua droo, akatoa ufunguo wa kabati, akausukuma juu ya meza mpaka ukasimama mbele ya mwanamke aliyekuwa bado ana kidole hewani.

"Haya, chukua. Mwisho wa mwezi haujafika."

Alichukua ufunguo kwa sababu hakuona namna ya kuukataa.

Nyumbani, mama mkwe wake alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa. Mama mkwe alikuwa anaishi nao tangu magoti yalipoanza kumsumbua, na alikuwa mtu wa kupenda vitu viwili waziwazi: mwanawe, na tamthilia yake ya mchana.

"Yaani mwanangu, umeacha kukaa kitini, ukapewa kazi ya kukimbizana na upepo?"

"Ndiyo, mama."

"Na ukiukamata, utauweka wapi?"

Mumewe, fundi seremala, mtu wa amani kupita kiasi, aliinamia sahani yake ili asionekane anacheka.

*

Aliyemfundisha alikuwa fundi mitambo wa hospitali, mzee ambaye kila mtu alimwita Fundi Njugu kwa sababu mfuko wake wa koti haukukosa njugu. Mitambo aliijua kama mtu anavyojua vyumba vya nyumba yake. Ila macho yalikuwa yamemtupa mkono. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika yote mawili, na kioo cha ile mashine kwake kilikuwa mwanga tu. Vitufe alivijua kwa vidole, kimoja kimoja, kwa vipande vya plasta alivyovibandika mwenyewe. Kilichomshinda ni kuona.

"Mimi nina vidole, wewe una macho," alisema siku ya kwanza, akiiwasha. "Tukiungana tunakuwa mtu mmoja wa maana. Haya, unaona nini?"

"Naona kelele."

"Kelele hazionekani. Usiniambie unachodhani, niambie unachoona."

Mama Rudia akasogeza uso karibu na kioo. "Naona... kama nyasi. Nyasi fupi fupi, zinacheza. Na katikati ya nyasi kuna milima."

"Hapo sasa! Hapo tumeanza kuongea."

Akamweleza kwamba kile kioo ni kama barabara ndefu. Kushoto wanakaa wenye mawimbi ya chini, kulia wa juu, na kila anayerusha kitu hewani ana kiwanja chake barabarani. Urefu wa mlima ni nguvu yake. Nyasi ni minong'ono ya kawaida ya dunia na ya mashine yenyewe, haina neno. Redio yao ya magari nayo ina kiwanja chake, na kazi ni moja tu: kumjua nani amejenga kwenye kiwanja cha wagonjwa bila ruhusa.

Kusema ni rahisi. Siku za mwanzo mashine ilimpeleka mchakamchaka. Alifungua barabara nzima kwa mara moja, kutoka mwanzo hadi mwisho, na kiwanja chao kikawa chembamba kama unywele, akakitafuta asubuhi nzima. Alipokipata, akabana sana mpaka akawa anatazama pembe moja ya kiwanja na kushangaa mbona mtaa uko mtupu. Siku nyingine aligundua mlima mrefu, mkali, unaotokea na kupotea, akapiga kelele ukumbi mzima ukamsikia. Fundi Njugu alimsikiliza kwa utulivu, akatafuna njugu yake, akauliza: "Simu yako iko wapi?" Ilikuwa mfukoni mwake, inapokea picha za mpwa wake.

Alijikaza kisabuni. Alijifunza kubana na kuachia, kuweka alama juu ya kilele na kusoma namba, kuiambia mashine ikumbuke kilele cha juu kabisa kilichopita hata kama kimeshaondoka. Usiku alipofumba macho aliona nyasi zikicheza.

Halafu likatokea lile la kinyozi.

Mchana huo mvumo ulipoanza, Mama Rudia aliiweka mashine begani akatoka nayo mjini mwenyewe, bila Fundi Njugu, kichwa kimeshaanza kuvimba. Alipofika njia panda ya chini, karibu na mnara wa kituo cha redio ya muziki, kioo kilijaa milima. Ilikuwa kila mahali, hata kwenye kiwanja chao, tena mirefu kuliko yote aliyowahi kuona. Moyo ulimpasuka kwa furaha. Akageuza antena huku na huku, na nyumba iliyokuwa mbele yake ilikuwa banda la kinyozi, lenye taa za rangi, feni mbili na mashine za kunyolea zinazolia kama nyuki.

"Ni wewe!" alisema mlangoni, na watu waliokuwa kwenye benchi wakageuka. "Wewe ndiye unayeua redio ya hospitali!"

Kinyozi alikuwa kijana mstaarabu. Hakubishana. Alizima mashine ya kunyolea huku mteja wake akiwa amenyolewa upande mmoja tu, akazima feni, akazima taa, akachomoa mpaka chaji ya simu. Banda likawa giza na joto. Watu walikusanyika kutazama. Mama Rudia akatazama kioo, na milima ilikuwa palepale, haikupungua hata unyasi.

"Nimalizie basi," mteja alisema gizani, akishika upande wenye nywele, "au nirudi nyumbani hivihivi?"

Kicheko cha mtaa ule kilimsindikiza Mama Rudia mpaka hospitali. Madereva walikuwa wameshapata habari kabla hajafika. Yule waliyemwita Breki, kwa sababu ya uendeshaji wake usio na breki, alimwuliza kama na yeye anyoe nusu ili redio isikike. Mama Rudia aliweka begi mezani mbele ya Fundi Njugu, akavuta kiti, akalia. Alilia kwa hasira, tena bila kujificha, na mzee akamwachia alie mpaka amalize.

"Ulikuwa umesimama wapi?" aliuliza baadaye.

"Njia panda ya chini."

"Chini ya mnara wa redio."

"Ndiyo."

"Dada, mtu akikupigia tarumbeta sikioni, utasikia hata yasiyosemwa. Ule mnara uliiziba mashine masikio. Ikazidiwa, ikaanza kutunga milima yake yenyewe. Ulichokiona kule hakikuwako hewani. Kilikuwa humu ndani." Akagonga ubavu wa mashine.

"Sasa nitajuaje? Mlima ni mlima!"

Fundi Njugu akaushika mkono wake, akauongoza mpaka kwenye kitufe chenye plasta mbili. "Hiki kinaipunguzia mashine kinachoingia. Ni kama kuuegesha mlango. Ukikibonyeza, mlima wa kweli haujali. Mashine inajua imepunguza kiasi gani, inafidia, inauchora palepale ulipokuwa. Nyasi zitapanda kidogo, usizishangae. Lakini mlima wa kutungwa hauna pa kushikilia. Unazama, au unapotea kabisa. Kabla hujamnyooshea mtu kidole, unafanya nini?"

"Nabonyeza."

"Kabla ya mtu yeyote?"

"Yeyote, fundi."

Kesho yake alirudi njia panda na mashine, akasimama palepale, akabonyeza. Milima yote iliyokuwa imemdanganya ilizama kwenye nyasi mbele ya macho yake. Akaenda kwa kinyozi, akamwomba radhi mbele ya benchi zima. Kinyozi alisema yamekwisha. Lakini watu mjini walikuwa bado wanasema kinyozi yule anaharibu redio ya wagonjwa, maana uongo ukishatoka haurudi kwa miguu yake, na Mama Rudia alijua kwamba dawa ya hilo ni moja tu: kumleta mwenye kosa halisi.

*

Mwezi ulikuwa unayoyoma. Meneja alishaanza kugawa namba za simu za madereva.

Sasa walifanya kazi kwa utaratibu. Fundi Njugu alikaa chumba cha mawasiliano, karibu na kijana wa kike aliyerithi kiti cha Mama Rudia, akisikiliza redio kwa yale masikio yake. Mama Rudia alizunguka na mashine, na antena ya mkono yenye vijiti vya kupungua urefu kama uti wa samaki. Mvumo ulipoanza alipanda kwenye paa la hospitali, akaizungusha antena taratibu mpaka mlima ukawa mrefu kuliko pande zote, akauegesha mlango, mlima ukabaki, akatazama uti wa samaki unaelekea wapi. Siku iliyofuata alifanya hivyohivyo kutoka ghorofa ya juu ya soko. Mistari miwili, wakaichora kwenye ramani ya mji iliyobandikwa ukutani.

"Inakutana wapi?" mzee aliuliza.

Mama Rudia alicheka. "Huwezi kuamini. Mtaa wetu! Chini ya tangi la maji."

"Kwenye mnara wa hospitali, unaopokea na kurusha sauti za magari."

"Palepale. Ndiyo maana anatuziba. Amekaa mlangoni kwetu, huyo mshenzi." Alikuwa na furaha ya mtu anayeenda kupigana uwanja wa nyumbani. "Kesho simwachi. Mtaa ule naujua mpaka mbwa wake."

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, mvumo ukaanza kwa wakati wake. Mama Rudia aliingia mtaa wake kwa kona ya juu, begi begani, redio ya mkononi kiunoni, antena mbele. Majirani walisimama milangoni. "Leo unanyoa nani?" mmoja aliuliza, naye akamjibu kwamba akijitokeza mwenye kichwa kizuri atamnyoa, na akapita.

Mlima ulikuwa unakua. Nyumba ya mwashi, unakua. Kwa mshona viatu, unakua. Alipopita geti la bluu ukaanza kupungua, naye akasimama. Akageuka, akarudi nyuma, ukapanda tena. Akauinua uti wa samaki kidogo, kuelekea mapaani, kwenye msitu wa antena za televisheni, na mlima ukaruka juu mpaka ukagusa ukingo wa kioo.

Mbele ya antena kulikuwa na mlingoti mmoja mweupe, mnyoofu, uliopigwa randa vizuri kuliko yote mtaani. Aliujua, kwa sababu mumewe ndiye aliyeuranda na yeye ndiye aliyemshikia ngazi. Juu yake, chini ya antena, kulikuwa na kile kidude cha kukuza picha alichokinunua mume kwa muuza vifaa, ili mama aache kulalamika kwamba nyuso za waigizaji wake zina chenga.

Geti la bluu lilikuwa la kwake.

Kutoka dirishani ilisikika televisheni, muziki wa huzuni, na mwanamke akimwambia mwanamume kwamba amejua yote. Tamthilia ya mchana, sehemu baada ya sehemu mpaka jua linapoelekea kushuka. Kila siku isipokuwa Jumapili. Na mama mkwe, mtu wa kubana matumizi, ilipokwisha alichomoa kila kitu ukutani, mpaka kidude.

"Hapana," Mama Rudia alisema peke yake. "Hapana, hapana. Ni mashine. Imezidiwa."

Maana mnara wao ulikuwa pale juu ya tangi, na huenda ule mnara ndio uliokuwa unaiziba masikio, kama siku ile. Hajawahi kutamani uongo maishani kama alivyoutamani dakika ile. Kidole chake kikatafuta plasta mbili, akabonyeza.

Nyasi zikapanda kidogo. Mlima haukutikisika.

Akabonyeza tena. Ukabaki palepale, mrefu, na kilele chake kile kile.

Akausogelea ukuta, akabonyeza mara ya mwisho, akiusihi kimoyomoyo ushuke. Mlima ulikataa kushuka.

Hapo shetani akamkalia begani, tusidanganyane. Hakuna aliyekuwa naye. Angeweza kuingia ndani, kuchomoa waya, kumwambia mama mkwe kidude kimeungua, na kesho kuripoti ofisini kwamba kelele zimekoma zenyewe. Madereva wasingecheka. Mume asingeaibika. Kinyozi peke yake ndiye angebaki na doa lake, na kinyozi alikuwa kijana mstaarabu, angevumilia.

Alikumbuka benchi lile, na watu walivyotazama banda likizimwa taa moja baada ya nyingine. Akaitoa redio kiunoni. Alikuwa chini ya mnara kabisa, sauti yake ingepenya mvumo wowote, na masafa yale yalisikika katika kila gari. Akavuta pumzi.

"Chumba cha mawasiliano, huyu ni Mama Rudia. Mwambie fundi nimempata."

"Ni nani?" ilikuwa sauti ya mzee mwenyewe.

"Ni mimi. Ni nyumbani kwangu, kidude cha antena ya televisheni. Nimebonyeza mara tatu. Mlima ni wa kweli."

Kisha Fundi Njugu akasema, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho hajawahi kukisikia ndani yake: "Safi sana, dada. Safi kabisa. Sasa nithibitishie. Zima, washa, zima."

*

Mama mkwe alikuwa kitini, miguu juu ya stuli, mikono kifuani.

"Shikamoo mama. Naomba kuzima."

"Marahaba. Uzime nini? Ndiyo kwanza mume ameingia na yule mwanamke yuko nyuma ya pazia!"

"Mama, upepo nimeukamata."

"Mh! Uko wapi?"

"Uko humu ndani. Ni hicho kidude cha antena. Kina hitilafu, kinarusha mawimbi hewani, ndicho kinachoziba redio ya magari ya wagonjwa."

Mama mkwe aliitazama mashine, akamtazama mkwewe, akaitazama televisheni. Halafu, polepole, kwa yale magoti yake, akainama mwenyewe kwenye swichi ya kidude ukutani.

"Sema lini."

"Zima, mama."

Picha ikajaa chenga. Kwenye kioo cha mashine mlima ukaanguka wote, mpaka chini, zikabaki nyasi tupu.

"Zimekatika!" Fundi Njugu alisema redioni. "Washa!"

"Washa, mama." Mlima ukasimama.

"Zimerudi! Zima!"

Mama mkwe akazima bila kuambiwa, na kwa majivuno, kama aliyezaliwa kwa kazi hiyo.

Ndipo ikatoka kwenye redio ya mkononi sauti ya Breki, kutoka nyuma ya kilima, safi kana kwamba amesimama mlangoni pao.

"...tena, chumba cha mawasiliano, kama kuna anayenisikia, naita tangu nilipoondoka kule. Nina mama mjamzito, anatoka damu nyingi. Waandaeni wodi ya wazazi. Naomba damu iwe tayari. Kuna mtu ananisikia?"

Kijana wa kike alijibu kutoka hospitali: "Nimekupata, Breki. Nimekupata vizuri. Wodi inaandaliwa. Endelea kuja."

"Umenipata?" Breki aliuliza, kama mtu asiyeamini. "Hakuna kurudia?"

"Hakuna kurudia."

Mama Rudia aliketi sakafuni na mashine mapajani, machozi yakimtoka na meno yote nje. Alifurahi mpaka ikawa inauma. Redioni wakaanza wengine, waliosikia yote tangu mwanzo, kila mmoja kutoka alikokuwa, kutoka sokoni, kutoka barabara ya chini, kutoka ng'ambo ya daraja, wakisema tu kwamba wanasikika na wanasikia. Mmoja alisema kinyozi apelekewe salamu na apewe heshima yake. Kicheko kilipita gari hadi gari, na safari hii hakikumchoma. Kisha meneja naye akaingia hewani, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akasema masafa hayafungwi, na ufunguo wa kabati abaki nao yeye aliye nao.

Mama mkwe hakuwa anasikiliza hayo. Alikwenda dirishani, akaunyakua waya unaoshuka kutoka kwenye mlingoti, akauchomoa nyuma ya televisheni kwa mkono wake, akauviringisha vizuri na kuuweka juu ya begi la kijivu.

"Mwanangu atakuja kupanda ngazi jioni akitoe," alisema. "Na asinijibu."

"Mama, tamthilia yako je?"

"Itajijua." Alirudi kitini, akapandisha miguu juu ya stuli, akainamisha sikio upande wa redio. "Ongeza sauti hapo. Huyo mjamzito amefika wapi?"

"Bado, mama. Wako kwenye kona za kilima."

"Aendeshe huyo kijana. Mwambie asiendeshe kama mgonjwa yeye."

Wakakaa wote wawili, mmoja kitini, mmoja sakafuni, televisheni ikiwa na chenga tupu mbele yao, hakuna aliyeitazama. Breki alitaja daraja. Akataja njia panda ya chini. Akataja geti la hospitali, na nyuma ya sauti yake wakasikia milango ikifunguliwa na watu wakipokea machela.

"Tumefika," Breki alisema. "Mama anaongea. Anawasikia."

Mama mkwe alipiga makofi mara moja, kwa nguvu, akageuka kumtazama mkwewe aliyekuwa chini.

"Kesho," alisema, "uniwashie tena hii redio."